Aliyeibiwa: Yampasayo na Yasiyompasa



Katika darsa zetu tumezoea kuuliza: mwizi hukumu yake ni nini? Suala hilo lina vitabu vyake na wanavyuoni wake. Leo twataka kuuliza suala jingine lisiloulizwa sana, nalo latugusa zaidi, kwa kuwa wezi ni wachache na walioibiwa ni wengi: aliyeibiwa naye, hukumu yake ni nini? Yampasa afanye lipi, na lipi halimpasi, hata kama moyo wake wawaka moto? Hatuandiki haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Twayaandika kwa kuwa yametufika wenyewe.

KHABARI YENYEWE

Mwaka jana, katika siku za baridi za mwezi wa Julai, watu watano wa darsa yetu tulisafiri kutoka Mombasa kwenda Nakuru kuhudhuria arusi ya jamaa yetu. Safari ni ndefu, karibu kilomita 640, nasi tulikwenda kwa gari ya mmoja wetu, ambayo ndiyo kazi yake na ndiyo chakula cha wanawe, kwani huikodisha kwa wasafiri. Ndani yake tulipakia nguo zetu, zawadi za bibi arusi, kasha la vitabu vya madrasa moja ya huko, na bahasha yenye shilingi 46,500 zilizochangwa na watu kwa ajili ya bati za madrasa hiyo. Tulipita Limuru, tukasimama Soko Mjinga kununua viazi na karoti za kumpelekea mwenyeji wetu, kisha tukateremka Naivasha, tukapita Gilgil, tukaingia Nakuru baada ya Isha.

Nakuru si ugenini kwa Waislamu. Reli ilipofika hapo mwaka 1900 ilifuatwa na Waswahili, Wanubi, Wasomali na Wahindi, na mpaka leo mtu wa pwani akiingia mtaa wa Bondeni hupata wa kumwamkia kwa salamu yake. Mji umekua sana. Tangu tarehe 1 Disemba 2021 umehesabiwa kuwa jiji, la nne katika Kenya. Na kama ilivyo desturi ya miji inayokua, wema wameongezeka na wezi nao wameongezeka.

Mwenyeji wetu alitwambia, "Wanangu, shusheni mizigo kwanza, ndipo mle." Sisi tukatazama manyunyu ya mvua, na baridi ile ambayo mtu wa pwani hana nguo zake, tukasema, "Inshallah asubuhi, Mzee." Gari tukaiacha nje ya lango, kwa kuwa uani mlikuwa na sufuria na viti vya arusi. Alfajiri tulipotoka kwenda msikitini tulikuta mahali pakavu penye umbo la gari, na pande zote ardhi imelowa. Hiyo ndiyo alama pekee tuliyoachiwa.

Yaliyofuata katika saa mbili za mwanzo ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Kwa hakika katika saa hizo mbili tulikuwa karibu kufanya dhulma kubwa kuliko tuliyofanyiwa.

JAMBO LA KWANZA: KUUCHUNGA ULIMI

Mtaa ule una mlinzi wa usiku, kijana mgeni mjini, alipwaye na nyumba sita kwa pamoja. Alipoulizwa alisema kweli: kwamba hakusikia kitu, kwani mvua ilipozidi alikwenda kuota moto kwenye kibanda cha mwisho wa njia. Neno hilo likageuzwa kuwa ushahidi juu yake. Vijana wa mtaa wakamshika ukosi. Mmoja akasema, "Ni huyu, amewafungulia wenziwe." Mwingine akataja gurudumu na mafuta ya taa, na kila mtu wa Kenya ajua maana ya maneno hayo mawili yakisemwa pamoja mbele ya umati. Sisi wenye gari, twakiri mbele ya Mwenyezi Mungu, tulinyamaza. Tulikuwa na hasira, na hasira yetu ilipenda kupata pa kutua.

Aliyesema ni mwenyeji wetu. Alijitia baina ya vijana na yule mlinzi, akawaambia, "Mwacheni. Mwaka 2008 nilisikia neno hili hili katika mji huu, 'Ni hawa', wala sikusikia mtu mmoja akiuliza, 'Mmejuaje?'"

Wasomaji wetu wanakumbuka aliyoyakusudia. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 fitina ilienea nchini, na katika mwezi wa Januari 2008 ikafika Nakuru na Naivasha. Nyumba zilichomwa, maduka na magari yakaporwa, na watu wakauawa kwa jina na lugha zao tu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima. Mwenyeji wetu alipoteza duka lake katika siku zile, na aliowaona wakibeba magunia yake ni watu aliokuwa akiwakopesha unga. Mtu kama huyu ndiye aliyekuwa na haki ya kuwa na chuki. Naye ndiye aliyemkinga kijana asiyekuwa wa dini yake wala wa kabila lake.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Sura ya An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, Mwenyezi Mungu amemfundisha Mtume wake (S.A.W.) asiwe mtetezi wa makhaini. Wafasiri wametaja sababu ya kushuka aya hizo: mtu mmoja wa Madina, katika ukoo wa Banu Ubayriq, aliiba silaha na unga katika nyumba ya jirani yake. Katika riwaya moja, gunia lilikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani hata ukafika kwenye nyumba ya Myahudi, ambako mwizi aliiweka ile deraya aliyoiiba. Watu wakaufuata unga, wakaikuta deraya kwa Myahudi. Na jamaa za mwizi, nao ni watu wenye kujulikana kwa Uislamu, wakaenda kwa Mtume kumtetea mtu wao. Ndipo aya zikashuka, zikamtakasa Myahudi na kumfedhehesha aliyeiba.

Zingatia basi. Alama ilikuwako, tena alama ya kuonekana kwa macho, unga juu ya ardhi; na juu ya hayo alama hiyo iliwapeleka watu kwa asiye na kosa. Sisi alama yetu ilikuwa ipi? Kwamba kijana ni maskini, na ni mgeni, na alikuwa akiota moto katika usiku wa baridi! Kama hizo ni dalili za wizi, basi nusu ya Nakuru ni wezi.

Kanuni aliyotuachia Mtume (S.A.W.) yajulikana na kila mwanafunzi wa fikihi: kuleta ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, imesema lililo karibu na hilo: mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa mpaka kosa lake lithibitike. Mwizi huchukua mali, na mali yaweza kurudi au kuja nyingine badala yake. Lakini aliyeibiwa akisema "Ni fulani" pasina yakini, huchukua heshima ya mtu, na huenda akachukua na roho yake. Na hicho hakirudi. Yule mlinzi alikwenda nasi kituo cha polisi, kwa miguu yake, akiwa shahidi wa kwanza, si mshtakiwa.

JAMBO LA PILI: MGANGA NA HALBADIRI

Tulipotoka kituoni tulikuta shauri mbili zatungoja. Jirani mmoja alituletea nambari ya simu aliyoinakili kwenye nguzo ya umeme. Matangazo haya hayakosekani katika miji yetu, Nakuru na Mombasa sawasawa: mganga kutoka mahali mbali, hurudisha mke aliyekwenda zake, huleta kazi, na hurudisha mali iliyoibiwa. Shauri ya pili ilitoka kwetu wenyewe. Mmoja wetu alikwisha kupiga simu Mombasa ili Ijumaa isomwe Halbadiri juu ya mwizi na kila aliyemsaidia.

Ama la mganga, halihitaji maneno mengi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba mwenye kumwendea mtazamiaji akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Ni biashara gani hii, ndugu zetu, mtu aibiwe gari, kisha aende kwa hiari yake akatoe na sala? Tena aongeze na nauli, na ada ya uganga, na kuku!

Ama Halbadiri, yataka tuseme kwa adabu, kwa sababu wazee wetu wengi waliisoma kwa nia njema, na majina yasomwayo ni majina matukufu. Watu wa Badri ni masahaba waliotoka pamoja na Mtume mwaka wa pili wa Hijra, wapatao 313. Walikwenda uwanjani wakasimama mbele ya adui waliyemwona kwa macho yao. Hawakutuachia majina yao yawe mshale wa kupigwa gizani, asijulikane utampata nani. Aliyedhulumiwa anao mlango wake, nao uko wazi: amwombe Mola wake moja kwa moja, kwani dua ya mwenye kudhulumiwa haina kizuizi. Hapo hapahitajiki msomaji wa kulipwa, wala ubani, wala sahani ya halua.

Mwalimu wetu, tulipompigia simu, hakutusomea dalili nyingi. Alituuliza suala moja tu: "Mkisha kuisoma, mtajuaje imempata nani?"

Suala hilo tulilipuuza siku ile. Jawabu lake lilitujia baada ya siku kumi na mbili. Mtoto wa yule mlinzi, msichana wa miaka mitatu, alilazwa hospitali kwa homa ya mapafu. Nakuru iko juu, yapata mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na katika Julai watoto wengi huumwa vifua. Lau Ijumaa ile ingesomwa Halbadiri, ni nani katika mtaa angesema kuwa hiyo ni homa tu? Wote wangesema, "Imempata." Baba angalikuwa mwizi kwa ushahidi wa kifua cha mwanawe. Na twajua, kwa kuwa tulikuwako, kwamba sisi wenyewe tungesadiki, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kumchagua. Halbadiri isingetuonyesha mwizi. Ingetupa ruhusa ya kumhukumu tuliyemtaka.

Hii ndiyo dhara yake kubwa. Katika kila mtaa, katika kila mwezi, yuko augulaye, yuko aangukaye, yuko afiwaye. Mwenye kungoja msiba wa mtu mwingine ili aujue ukweli, hakosi msiba wa kuushika, wala haupati ukweli.

JAMBO LA TATU: KUJIHESABU

Baada ya kumtafuta mwizi katika nyuso za watu, mwenyeji wetu alituketisha akatuuliza kwa upole, "Na zile fedha za madrasa, mliziweka wapi?" Tukajibu kwamba zilikuwa katika mkoba chini ya kiti cha mbele.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wasema kwamba mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea, ila akiwa amefanya taksiri katika kuihifadhi. Nao husema pia kwamba kila mali ina hirzi yake, yaani mahali pa kuihifadhi panapolingana nayo: hirzi ya ng'ombe ni zizi, na hirzi ya fedha ni kasha lenye kufuli ndani ya nyumba. Gari iliyolala nje ya lango usiku, je, ni hirzi ya fedha za watu? Hatukuhitaji mufti. Tuliambiwa tushushe mizigo, tukashindwa na baridi. Basi amana ile ilikuwa juu yetu, na watu watano tuliilipa, shilingi 9,300 kila mmoja, kwa miezi mitatu. Ilituuma, lakini twasema kweli kwamba siku tulipoipeleka ile ya mwisho, tulilala usingizi tuliokuwa hatuujui tangu Julai.

Lakini isifahamike vibaya. Taksiri ya mwenye mali haimpunguzii mwizi dhambi hata chembe. Mlango ulioachwa wazi si ruhusa ya kuingia. Ila ni mambo mawili mbalimbali, na kila mtu ataulizwa lake. Yule bedui aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au ategemee, alijibiwa afanye yote mawili, na kufunga kukatangulia. Tawakkul ya aliyeacha mizigo njiani si tawakkul, ni uvivu uliovaa kilemba.

Na katika kujihesabu huko kulizuka jambo ambalo hatukulitazamia. Mwenye gari, ambaye ndiye aliyeumia kuliko sote, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nami mwaka juzi nilinunua kioo cha pembeni kwa bei ambayo haikuwa bei. Sikumwuliza muuzaji amekitoa wapi." Hapana aliyemjibu, maana kila mmoja wetu aliingia moyoni mwake akakuta chake: simu iliyonunuliwa kichochoroni, betri, redio.

Ndugu zetu wa mijini, gari inapoibiwa mara nyingi haiuzwi nzima. Hukatwa vipande, na vipande hivyo hununuliwa na watu wanaosali. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya yalijua hilo: mwenye kuiba gari yaweza kumpata kifungo cha miaka 7, na mwenye kupokea mali ya wizi naye aijua kuwa ni ya wizi yaweza kumpata miaka 14, mara mbili ya mwizi. Mtu aweza kustaajabu, lakini akifikiri ataona hikima yake. Mwizi asiye na mnunuzi hufanya kazi ya bure.

JAMBO LA NNE: KUFANYA SABABU

Subira si kukaa na kushika tama. Yako mambo ambayo aliyeibiwa yampasa ayafanye upesi, tena mengine yampasa ayaandae kabla hajaibiwa. Twayataja kwa ufupi.

Kwanza, aende kituo cha polisi kilicho karibu saa ile ile, aandikishe, na asitoke bila ya nambari ya OB. Asipoandikisha, na gari yake ikatumiwa katika uhalifu, jina la kwanza kutafutwa ni lake. Aseme nambari ya usajili, rangi, na alama za pekee. Na aseme nambari ya chasisi na ya injini, kwani kibao cha usajili hubadilishwa kwa dakika tano, na zile zimechongwa katika chuma. Nambari hizi ziandikwe zikae nyumbani. Sisi zetu zilikuwa ndani ya gari!

Pili, kama simu imekwenda, aazime simu ya mwenziwe ayaarifu mashirika ya simu na benki wafunge laini na fedha zilizomo. Siku hizi kifuko cha mtu ki ndani ya simu yake. Na kila simu ina nambari yake ya asili, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Nayo iandikwe kabla.

Tatu, vitambulisho na hati zilizopotea ziandikishwe pia, apewe ile hati ya polisi ambayo watu huiita abstrakti. Bila hiyo atazungushwa ofisi kwa ofisi.

Nne, aitazame bima yake. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa gari ina kibandiko cha bima, basi ikiibiwa watalipwa. Sivyo. Bima iliyolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni ya madhara yatakayompata mtu mwingine barabarani. Haimlipi mwenye gari aliyeibiwa. Gari ya mwenzetu ilikuwa na hiyo tu. Na kwa wale wanaoona uzito katika bima za kawaida, wajue kwamba tangu mwaka 2011 Kenya ilipata shirika la takaful, nao waulize wanavyuoni wao na wasome masharti kwa makini.

Tano, ajihadhari na wizi wa pili. Tulipoeneza picha ya gari, siku ya tatu alipiga simu mtu akasema ameiona Molo, tumtumie shilingi 5,000 za mafuta ailinde. Siku ya nne mwingine akaiona Eldama Ravine, saa ile ile. Mwenye msiba husadiki upesi, na wako watu kazi yao ni hiyo. Asitume hata senti. Ampe polisi nambari hizo.

Sita, na hili ndilo kubwa: akikutana na wezi wenye silaha, awaachie. Ni kweli imepokewa kwamba auawaye akiitetea mali yake ni shahidi. Hilo ni bushara ya kuwaliwaza jamaa za aliyeuawa, si amri ya kila mtu kuitupa roho yake kwa ajili ya mipira minne. Mafakihi wa Shafii wamesema kuitetea mali ni jaizi, si wajibu. Na kuna watoto nyumbani wanaomngoja baba yao, hawaingoji gari.

JAMBO LA TANO: MOYO UTULIZWEJE?

Twarudi kwenye moyo, kwa kuwa huko ndiko jeraha liliko. Aliyeibiwa haumwi na thamani ya kitu tu. Huumwa na fikira kwamba mkono wa mtu asiyemjua ulipekua nguo zake. Hushtuka usiku akisikia mlango. Huona haya, kama kwamba yeye ndiye aliyefanya aibu. Mwenzetu mwenye gari kwa wiki mbili hakula vizuri, na akiona gari ya rangi ile ile njiani moyo wake hupiga.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 155, ametutangulizia khabari kwamba atatujaribu, na katika alivyovitaja mna upungufu wa mali. Hakusema kwamba hatutaumwa. Wala kulia hakukukatazwa. Lililotakiwa ni kwamba maumivu yasimtoe mtu katika haki, na kwamba arejee kwa aliyempa kabla hajanyang'anywa. Lakini twaongeza neno hili kwa wale wanaokwenda kumliwaza mtu: usimwambie "Subiri" kisha ukaondoka. Subira hubebwa na wengi. Mwenyeji wetu hakutuhubiria. Alitupa makoti, akatufanyia uji wa moto, na arusi ikaendelea kwa siku yake, nasi tukihudhuria kwa kanzu za kuazima, moja fupi na moja ndefu, watu wakacheka nasi tukacheka. Na tuliporudi Mombasa darsa ilikusanya kardhi hasan, mkopo usio na ziada, ili mwenye gari apate pa kuanzia.

Je, kusamehe? Safwan bin Umayya alilala msikitini juu ya nguo yake, ikaibiwa. Akamkamata mwizi akampeleka kwa Mtume. Alipoona hukumu itapita akasikitika, akasema amempa mwizi nguo ile. Mtume akamwuliza: mbona hukufanya hivyo kabla ya kumleta? Katika khabari hii mna mizani nzuri. Kabla ya kufika kwa hakimu, msamaha ni wako, na thawabu zake ni zako. Ikisha kufika, imekuwa haki ya watu wote, wala si yako kuiuza wala kuichezea. Na usamehe kwa kuwa umeweza, si kwa kuwa umetishwa, wala kwa kuwa umekata tamaa na wenye kuhukumu.

MWISHO WA KHABARI

Gari ilionekana baada ya siku kumi na tisa, kando ya njia ya mashamba upande wa Njoro, haina magurudumu, haina betri, haina viti. Zawadi na nguo na bahasha havikuonekana. Kasha la vitabu lilikuwa limetupwa mtaroni, vitabu vimelowa. Watoto wa madrasa wakavianika juani ukurasa kwa ukurasa, na vingi vyasomeka. Mwizi hatumjui mpaka leo. Huenda hatutamjua mpaka Siku ya Hesabu, na huko hahitajiki mganga.

Yule mlinzi yuko kazini mwake. Mtoto wake amepona. Tulikwenda kumtazama hospitali, nasi tulikuwa tumebakiwa na vile viazi na karoti za Soko Mjinga, ambavyo mwenyeji wetu alivishusha garini kwa mkono wake usiku ule, kwa sababu alisema chakula hakilali nje. Tukampelekea mama wa mtoto. Baba alituamkia kwa adabu, wala hakutaja asubuhi ile. Sisi ndio tuliotaja, tukamtaka radhi kwa kunyamaza kwetu. Akasema, "Yamepita, Mzee." Hatujui kama yamepita kwake, twajua kwamba kwetu hayajapita, na ndiyo maana tumeandika.

MASUALA YA KUULIZANA KATIKA DARSA

1. Alama ya unga iliwapeleka watu kwa asiye na kosa. Taja alama ambazo watu wa mtaa wako huzifanya kuwa ushahidi.
2. Ni lini mwenye amana hulipa, na ni lini halipi? Fedha za misikiti na madrasa zetu zimehifadhiwa katika hirzi gani?
3. Katika vitu ulivyo navyo nyumbani, kipo ambacho hukuuliza kilikotoka?
4. Mtu akishikwa na umati mbele yako, wewe utasema neno gani la kwanza?

Wabillahi tawfiq.